Je, wajua kwa nini Mustang ya 1965 hutobolewa matundu manne ili ikate kona vizuri?

Kwa mwenye Ford Mustang ya 1965 au 1966, kuna kazi moja ya bei chee inayoshinda vifaa vingi vya bei mbaya: kutoboa matundu mapya kwenye bodi, mawili kila upande, inchi 1 (kama milimita 25) chini ya yale ya kiwandani, kisha kufunga hapo mkono wa juu wa gurudumu la mbele (chuma kinachounganisha sehemu ya juu ya gurudumu na bodi; chini yake upo mwingine, mkono wa chini). Mkono ni uleule, springi ni ileile, ila kwenye kona gari linakuwa jingine.

Wengi huamini siri ni kwamba gari limeshuka. Kweli linashuka kidogo, maana kwenye Mustang springi ya mbele hukalia mkono wa juu. Lakini kama kushuka kungekuwa ndiyo dawa, ungekata springi ukamaliza kazi kabla ya chai. Ukikata springi, mkono wa juu na wa chini husogea pamoja, na umbali kati ya bolti za mkono wa juu na za mkono wa chini kwenye bodi unabaki vilevile. Springi ngumu zaidi nazo hupunguza kulala kwa bodi, basi. Ugonjwa wenyewe haziugusi.

Ugonjwa ni huu. Ukikata kona kushoto, bodi hulalia kulia, na tairi la mbele kulia ndilo lenye mzigo. Bodi ikilala, tairi nalo hutaka kulala, lisimamie ukingo wake wa nje. Ili libaki bapa kwenye lami, kichwa chake lazima kivutwe ndani kadiri linavyopanda.

Chukua saa ya ukutani, usukume mshale kinyumenyume kwa kidole. Kutoka tarakimu 4 kwenda 3, ncha hupanda huku ikisogea nje. Ukivuka 3 kuelekea 2, bado inapanda, ila sasa inarudi ndani. Mkono wa juu ndio mshale (pembe nimeizidisha ili ionekane): katikati ya saa ni bolti zake kwenye bodi, ncha ni boljointi (kiungo kinachojipinda) iliyoshika kichwa cha gurudumu. Kiwandani mkono uliinamia upande wa 4, kwa hiyo tairi likipanda kichwa kilisukumwa nje, pale pale kilipotakiwa kuja ndani. Shusha bolti, mkono unakaribia 3 au unaipita. Mkono wa chini nao huzunguka, lakini ni mrefu zaidi, hivyo ncha yake haihami sana.

Sifa hupewa Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya kasi, kwa kuwa GT350 yake ya 1965, yaani Mustang aliyoiboresha, ilitoka hivyo. Hesabu zilikuwa za Klaus Arning, mhandisi wa Ford yenyewe! Na Shelby huyohuyo aliiacha kazi hiyo kwenye magari mengi ya 1966 ili kupunguza gharama.

Anayeendea sokoni tu huenda asihisi tofauti kubwa. Ukizidisha inchi 1, boljointi inaweza kufika mwisho wa pembe yake ikaumia. Springi itolewe kwa kifaa cha kuibana, kwa sababu ikifyatuka inaua. Baadaye alaimenti (mkao na mwelekeo wa matairi) ipimwe upya. Na kabla ya kushika keekee, hakikisha mwaka wa gari: kuanzia 1967 Ford ilishusha bolti hizo kiwandani.