Kadi imeshapewa daraja. Sasa linda slabu yake

Wengi wakipokea kadi ya kukusanya, kama ya mwanamichezo au ya Pokémon, kutoka PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa daraja, imefungiwa ndani ya slabu na lebo yake inasoma 10, daraja la juu kabisa, huona kazi imekwisha. Wanaiweka rafuni, juani, uchi hivyo hivyo. Slabu ni plastiki ngumu ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa mitetemo ya sauti, ili anayeifungua asiweze kuifunga tena bila kuacha alama. Imetengenezwa kwanza kabisa kuthibitisha kwamba kadi iliyomo ndiyo iliyokaguliwa. Inazuia vidole na inakinga kona zisikunjike, ni kweli. Lakini maji yanapenya, unyevu unapenya, mwanga unapita, na uso wake unakwaruzika hata kwa kusuguana na slabu nyingine ndani ya boksi.

Kinga ya kwanza ni mfuko wa plastiki mwembamba uliokatwa kwa kipimo cha slabu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure, kwa sababu slabu hazilingani. Ya kawaida ya PSA ina upana wa sentimita 8 na kidogo, na urefu wa karibu sentimita 13.5. Ya BGS, kampuni nyingine ya ukaguzi, ni nene zaidi, na wenzao CGC na SGC nao wana vipimo vyao. Hata ndani ya kampuni moja, kadi nene iliyopachikwa kipande cha jezi ya mchezaji huwekwa kwenye slabu nene. Kwa hiyo mfuko ulioandikwa tu kwamba ni wa “kadi zilizopewa daraja” usiununue mpaka ujue ni wa kampuni gani. Ukibana sana, mshono wa pembeni unapasuka. Ukipwaya, slabu inacheza ndani, vumbi linaingia, na mfuko wenyewe unageuka msasa.

Mfuko mzuri huhitaji kusukumwa kidogo kwa kidole gumba, kisha unabaki mdomo wa kukunja. Angalia utepe wa gundi uko wapi. Uwe kwenye mwili wa mfuko, upande wa nyuma. Ukiwa kwenye mdomo unaokunjwa, siku utakayotoa slabu ule utepe utaigusa na kuacha mstari wa gundi juu ya uso, mara nyingi palepale kwenye lebo. Malighafi iwe polipropilini. PVC iache: vilainishi vyake hutoka taratibu, mfuko unakuwa na ukungu na kunata. Harufu kali ya plastiki mpya ni dalili tosha ya kuurudisha dukani.

Baada ya mfuko kuna bampa, fremu ya silikoni au plastiki laini inayovishwa pembeni. Slabu ikianguka hutangulia kona, na kona ndiyo inayomeguka, kwa hiyo kwa slabu inayoshikwa mara kwa mara bampa ni ya maana. Ila futa kingo kwanza. Chembe moja ya mchanga ikinaswa ndani itachimba plastiki kila unapoigusa. Kumbuka pia kwamba slabu yenye bampa haiingii kwenye nafasi za sponji za masanduku mengi ya kuhifadhia, maana zimekatwa kwa slabu tupu au yenye mfuko tu. Amua mapema ipi ni ya kuonyesha na ipi ni ya kulala sandukuni. Kwa zinazolala, mimi naona mfuko unatosha.

Za kuonyesha zina adui mwingine, mwanga. Wino wa saini hufifia kabla ya rangi za kadi. Kipochi cha akriliki chenye kichujio cha mionzi ya urujuanimno husaidia, lakini hakikingi dhidi ya mwanga unaoonekana, nao hufifisha polepole. Ukuta usiopigwa na jua una faida kuliko kipochi cha bei ghali dirishani.

Unyevu ndio wa kuhofia zaidi kwa anayehifadhi kadi mahali kama Mombasa au Dar es Salaam. Kadi zinazong'aa, kama zile za Pokémon zenye tabaka la foili, hupinda kwa sababu karatasi hunywa unyevu na kutanuka wakati foili haitanuki. Slabu huizuia kadi isipinde sana, lakini haiondoi chanzo. Tumia sanduku lenye mpira wa kuziba mdomoni, weka vipakiti vya silika na kipima unyevu kidogo ndani, na ulenge asilimia 40 hadi 50. Usikaushe kupita kiasi, maana kadi hupinda kuelekea upande wa pili. Silika ikishashiba haifanyi kitu tena, kwa hiyo kipima unyevu kikianza kupanda, badilisha vipakiti.

Mikwaruzo ikishatokea, usikimbilie dawa ya kusafishia vioo wala spiriti. Amonia na vimumunyisho huweza kuipa plastiki nyufa ndogondogo zisizofutika. Anza na kitambaa laini kisicho na vumbi. Mikwaruzo myepesi huondoka kwa polishi ya plastiki kama Novus namba 2, tone dogo likiwekwa kwenye kitambaa, kamwe si juu ya slabu, na usikaribie mshono kwa sababu majimaji huingia ndani. Iliyochimbika au kupasuka irudishwe kwa kampuni: PSA ina huduma ya kubadilisha slabu kwa malipo. Daraja hutolewa kwa kadi, hivyo mikwaruzo ya plastiki haiishushi. Mnunuzi ndiye atakayeshusha bei.

Usichanganye mikwaruzo na miduara ya rangi kama mafuta juu ya maji. Hiyo ni pete za Newton, zinazotokea pale uso laini wa kadi unapogusana na plastiki, na hazina madhara. Cha kutilia shaka ni weupe wa chengachenga kando ya mshono, maana huenda slabu iliwahi kufunguliwa. Tafuta namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni, na kama kuna picha, linganisha kadi yenyewe. Namba ya kweli inaweza kunakiliwa kwenye lebo ya bandia.

Kwa kutuma, bahasha isitumike hata ikiwa na viputo, kwa kuwa mashine za kuchambulia barua huweza kuikunja. Slabu iwe ndani ya mfuko wake, izungushiwe plastiki ya viputo mara mbili, selotepu ishike viputo tu. Zikiwa mbili, ziwekee kipande cha katoni katikati. Zikishaingia kwenye boksi, jaza pembe zote kwa karatasi iliyofinyangwa, funga, kisha litikise karibu na sikio. Likigonga, fungua ujaze tena.