Hedhi Ikikata Baada ya Sindano, Damu Haijajificha Tumboni

"Nesi, sasa damu yangu inakwenda wapi?"

Akina mama wengi wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango hutuuliza hivi hedhi inapokata. Wameshaambiwa mtaani kwamba damu inarundikana kwenye kizazi, inaoza, mwisho inaleta uvimbe. Wengine hununua dawa za "kusafisha kizazi". Wengine huacha sindano kimyakimya, kisha wanarudi kliniki na mimba ambayo hawakuipanga.

Damu haijakwenda popote kwa sababu haikuwepo. Kwa kawaida, kila mwezi homoni hunenepesha utando wa ndani ya kizazi ili uweze kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni hushuka, utando ule unabanduka na kutoka na damu. Sindano ya miezi 3 ina homoni ya aina ya projestini, ambayo huzuia yai kupevuka na kuufanya utando ubaki mwembamba. Hakuna cha kubanduka, wala cha kusafisha.

Hali hiyo haiji mara moja. Miezi ya mwanzo damu hukosa mpangilio: matone leo, kimya siku 3, kisha inatoka wiki nzima. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na lawama ni yetu sisi watoa huduma tunapochoma sindano bila kuwaeleza mapema. Baada ya mwaka 1, karibu nusu ya watumiaji hawaoni hedhi kabisa, na kwa mwenye upungufu wa damu hiyo ni nafuu kubwa.

Vijiti vya uzazi wa mpango, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, navyo vina projestini, ila damu yake haitabiriki hata baada ya kuzoea. Kwa vidonge vya majira, damu huja wiki ya vile vya kahawia, ambavyo ni madini ya chuma tu, bila homoni. Kitanzi cha shaba hakina homoni, lakini kinaweza kuongeza damu na maumivu miezi ya mwanzo.

Ukiacha sindano, mimba huweza kuchelewa. Kwa wastani ni miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na huo si ugumba. Lakini usitegemee kuchelewa huko kama kinga, maana yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi yoyote.

Njoo kituoni kama damu inazidi siku 8 au ni nyingi mara mbili ya kawaida yako, kama tumbo la chini linauma sana, au ukitoka damu baada ya tendo la ndoa. Aliyepitisha tarehe ya sindano naye aje, tumpime mimba. Uje na kadi yako, kwani tarehe ya sindano ya mwisho ndiyo tutakayoiangalia kwanza.