Kuungana upya: kwa nini vifaa viwili vya Wi-Fi vikiachana vinashindwa kurudiana

Kuungana upya ni kazi inayofanywa na kifaa cha Wi-Fi kilichopotezana na mwenzake: kigundue kwamba mawasiliano yamekatika, kimtafute, kijitambulishe tena, kisha kiendelee na shughuli. Kwenye simu hatuioni kazi hii, maana mtu yuko karibu. Ikigoma anazima Wi-Fi, anawasha, mambo yanaendelea. Bodi ndogo iliyofungwa juu ya tangi la maji au ndani ya banda la vifaranga haina mtu wa kuifanyia hivyo. Inabaki na maagizo aliyoiandikia fundi tu, na mafundi wengi huandika vizuri sehemu ya kuungana mara ya kwanza, ile ya kurudi wakaiacha nusu.

Chukua nyumba za kupanga pale Busia, upande wa Uganda. Tangi la lita 5,000 liko juu ya mnara wa vyuma, pampu iko chini kisimani. Juu kuna bodi ya ESP32, yaani bodi ndogo ya kielektroniki yenye Wi-Fi ndani yake, inayotumia betri na sensa ya kupima maji. Chini kuna ESP32 nyingine inayowasha pampu kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), nayo imeunganishwa na ruta ili mwenye nyumba aone hali kwenye simu yake. Bodi hizi mbili zinaongea moja kwa moja kwa ESP-NOW, njia ambayo kampuni ya Espressif imeitengeneza ili bodi zake zitumiane ujumbe mfupi bila kupitia ruta. Umeme unakatika jioni, au yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha, kisha unarudi usiku. Taa zote zinawaka. Simu inaonyesha pampu iko hewani. Lakini habari za tangi haziji. Fundi anapanda mnara, anachomoa betri, anairudisha, na bado kimya.

Katika mfano huu hakuna kilichoharibika. Wi-Fi ya 2.4 GHz, masafa yanayotumiwa na bodi hizi, imegawanywa katika chaneli, yaani njia za hewani, kuanzia 1 hadi 13, na redio ya ESP32 ni moja tu, kwa hiyo haiwezi kusikiliza chaneli mbili kwa wakati mmoja. Ruta nyingi zimepangwa zijichagulie chaneli kila zinapowaka. Kabla ya giza ruta ilikuwa kwenye 6. Ilipowaka ikahamia 11. Bodi ya pampu iliifuata ruta, kwani haina namna. Bodi ya tangi, ambayo programu yake imeandikwa "tumia chaneli 6", ilibaki ikizungumza palepale, na ukiizima na kuiwasha inarudi kwenye 6 ileile. Kila moja ni nzima, zimepishana tu.

Dawa ya haraka ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuifungia chaneli moja, 1, 6 au 11. Dawa ya kudumu ni kuifundisha bodi ya tangi kutafuta. ESP-NOW humjulisha mtumaji kama ujumbe umepokelewa upande wa pili. Basi ujumbe ukikosa majibu mara kadhaa mfululizo, bodi ianze kupita chaneli moja baada ya nyingine hadi isikie jibu. Mimi napendelea hii ya pili hata kama ruta imefungwa, kwa sababu ruta ya laini ya simu ikiibiwa au ikibadilishwa, atakayeleta mpya hatakumbuka habari za chaneli.

Tatizo hilohilo huja kwa sura nyingine pale bodi ya pampu inapofungua mtandao wake mwenyewe ili bodi ya tangi iingie humo, huku yenyewe ikiendelea kuitafuta ruta. Ruta ikiwa imezimika, bodi ya pampu hukagua chaneli zote, na kila inapokwenda kukagua inaacha chaneli yake. Bodi ya tangi inapiga hodi, bodi ya pampu haipo kuitikia. Ukiona bodi ya tangi inashindwa kuingia hasa wakati ruta iko chini, shuku hapa kwanza, kisha ongeza nafasi kati ya msako mmoja na mwingine.

Ili kujua umekwama wapi, inafaa kuelewa kwamba kuungana si tendo moja. Kwanza bodi lazima isikie tangazo la mtandao, ambalo kwa kawaida hurushwa karibu mara 10 kwa sekunde. Halafu inaomba kukubaliwa. Halafu, kwenye WPA2 (aina ya ulinzi wa Wi-Fi), pande mbili hubadilishana ujumbe nne ili kukubaliana juu ya funguo za siri. Halafu bodi inapewa anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao. Baada ya hapo ndipo programu yako inapoanza kuongea na seva, kompyuta inayopokea habari za kifaa. ESP32 inapopoteza mawasiliano hutoa namba ya sababu, na namba hiyo inaokoa muda kuliko kubahatisha. Namba 201 ina maana mtandao haukuonekana kabisa: ruta imezimwa, iko mbali, au inarusha 5 GHz ambayo ESP32 ya kawaida haiisikii. Namba 15 ni kukwama kwenye zile ujumbe nne. Angalia neno la siri kwanza, kisha nguvu ya mawimbi. Namba 200 inasema tulikuwa pamoja, kisha matangazo yakakoma kusikika. Andika namba hizi kwenye rekodi ya kifaa, pamoja na muda. Fundi anayekuja bila rekodi anabadilisha vitu ovyo.

Kisa kinachosumbua kuliko vyote ni pale upande mmoja haujui kwamba umeachwa. Bodi iliyoingia kwenye mtandao hugundua haraka, kwa kuwa inakosa matangazo. Lakini mwenye mtandao hana dalili ya wazi. ESP32 inayofungua mtandao husubiri sekunde 300, kwa mpangilio wake wa kawaida, kabla ya kumfuta aliyenyamaza. Na kwenye WPA3, ulinzi mpya zaidi ya WPA2, mgeni anayerudi ghafla anaweza kuambiwa asubiri kidogo, mpaka mwenye mtandao ahakikishe kwamba yule wa mwanzo hayupo tena. Jibu hilo si kukataliwa. Programu inayolichukulia kama mwisho wa safari ndiyo inayokosea.

Hivyohivyo kwenye ngazi ya juu zaidi, ile ya programu. Wi-Fi inaweza kurudi, IP ikapatikana, na bado ujumbe usifike, kwa sababu programu inaendelea kuandika kwenye muunganisho wa zamani uliokufa. Kwa hiyo Wi-Fi ikirudi, funga muunganisho ule wa seva na ufungue mpya. MQTT, utaratibu wa vifaa kutuma ujumbe mfupi kwa seva, ina kinga yake: kifaa hutaja muda ambao hakitakaa kimya kuupita, na seva isiposikia chochote kwa mara moja na nusu ya muda huo, inakihesabu kuwa kimeondoka.

Usisahau umeme wenyewe. ESP32 inaporusha mawimbi kwa nguvu zote huvuta hadi karibu mA (miliampia) 240, na kutafuta mtandao ndiyo saa ya kurusha. Chaja hafifu au waya mrefu mwembamba hufanya volti zishuke, bodi inajizima kwa kujilinda, inawaka, inatafuta, inajizima tena. Ukitazama kwa mbali utadhani ni Wi-Fi.

Sasa kuhusu idadi ya majaribio. Mfano rasmi wa Espressif wa kuungana na ruta hujaribu mara 5, kisha unaacha. Ni mfano wa kujifunzia, na kwa kazi hiyo hauna ubaya. Lakini umeme ukirudi, bodi huamka ndani ya muda mfupi sana wakati ruta bado inajiandaa, na ruta ya laini ya simu huchukua muda zaidi. Majaribio 5 yanakwisha ruta haijafungua macho. Kifaa cha kazini kisikate tamaa kamwe: kisubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, hadi kifikie dakika 1, na kuendelea hapo bila kikomo. Ongeza sekunde chache za kubahatisha, ili bodi nyingi za banda moja zisiivamie ruta kwa pamoja.

Na wakati kifaa kinatafuta, kifanye nini? Swali hili ndilo zito. Bodi ya pampu isiposikia habari za tangi kwa dakika 2, izime pampu, hata kama habari ya mwisho ilisema tangi ni tupu. Maji yakimwagika usiku kucha, au kisima kikikauka huku pampu inazunguka, hasara ni ya mwenye nyumba na wapangaji wake.

Kabla ya kukabidhi kazi, chomoa ruta dakika 10 kisha uirudishe. Badilisha chaneli yake. Zima bodi moja tu, kisha nyingine, kisha vyote kwa pamoja, na uviwashe kwa mpangilio tofauti kila mara, bila kugusa kitufe chochote mpaka tangi lisomeke kwenye simu.