Mshipa Ukishashonwa, Safari Ndiyo Kwanza Inaanza

Lugha yetu yenyewe inatuponza hapa. Mshipa ni wa damu, mshipa ni kano inayokunja kidole, na mshipa ni neva, ule unaopeleka hisia na amri kati ya ubongo na mwili, ambao ndio ninaouzungumzia hapa. Fundi wa masanduku wa Kamukunji, Nairobi, akikatwa na bati kwenye kifundo cha mkono, anaambiwa "mishipa imekatika" bila kuelezwa ni ipi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya mikono huku Eastlands, na maneno ninayoyasikia ni yale yale mwaka baada ya mwaka.

"Imeshonwa, kidonda kimefunga, basi nimepona."

Dhana hii ndiyo inayowaliza watu zaidi. Mshipa wa damu ukiunganishwa, damu hupita siku hiyo hiyo. Neva si bomba. Ndani yake mna maelfu ya nyuzi ziitwazo aksoni, na kila uzi ni mkono mrefu wa seli moja inayokaa kule shingoni, ndani ya uti wa mgongo (ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo) au kando yake. Kutoka huko hadi ncha ya kidole ni karibu mita nzima. Uzi ukikatwa, kipande kilichotengwa na seli yake hufa na kumeng'enyuka, hata daktari awe stadi vipi. Mwingereza Augustus Waller alilieleza jambo hili mwaka 1850, baada ya kukata neva za ulimi wa chura na kufuatilia yaliyozipata. Anachoshona daktari ni ganda la nje tu, ili nyuzi mpya zipate njia ya kupita.

"Neva ikifa, imekufa."

La. Kilichokufa ni tawi. Shina mara nyingi liko hai kule shingoni, nalo huchipuka. Ncha ya chipukizi ina kitu mfano wa kiganja kidogo chenye vidole vinavyopapasa njia. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alikieleza mwaka 1890, na mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani akaziangalia nyuzi za neva za kiinitete cha chura zikirefuka chini ya hadubini yake. Mbele ya chipukizi kuna seli za Schwann, zile zinazozizunguka nyuzi za neva. Hizo husaidia kuondoa mabaki ya uzi wa zamani, hujipanga mstari kama reli, na kutoa kemikali zinazouita uzi mpya.

Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa siku. Nilipompima fundi mmoja wa masanduku ninayemtibu, aliyekatwa neva kwenye kifundo cha mkono, kutoka kwenye kovu hadi ncha ya kidole cha shahada palikuwa na sentimita 18. Hiyo ni miezi sita, ukiacha wiki chache za mwanzo kabla uzi haujaanza kutembea. Aliyeanguka na bodaboda neva za bega zikakatika ana sentimita 70 za kusafiri, karibu miaka miwili, na misuli haimsubiri. Ikikaa mwaka au mwaka na nusu bila neva hunyauka, nafasi yake ikachukuliwa na mafuta na nyuzi ngumu. Ndiyo maana huniuma sana kumpokea mtu aliyekuwa akiambiwa "tungoje tuone" mwaka mzima.

Mwezi wa tatu baada ya kushonwa, fundi alinijia na hofu. Akigusa kiganja, shoti kama ya umeme ilimkimbia hadi kidoleni, na nyumbani walimwambia mkono unaoza. Nilimgongagonga kwa kidole kutoka kwenye kovu kwenda chini. Paliporuka shoti, nikaweka alama ya biro. Mwezi uliofuata alama ilikuwa imesogea sentimita 3 mbele. Shoti hutoka pale ncha changa za aksoni zilipofika, na kipimo hiki kina jina la Jules Tinel, daktari Mfaransa aliyekiandika mwaka 1915. Tangu hapo fundi akawa anapima mwenyewe kwa rula yake ya kazi.

Sindano za vitamini B12? Humsaidia aliyepungukiwa nayo. Haziungi neva iliyokatwa. Kuukanda mkono kwa maji moto ili "kuamsha mishipa" ni hatari kabisa: mkono wenye ganzi hauna wa kuupigia kelele, na nimeona ngozi iliyobabuka mwenyewe asijue.

Uti wa mgongo ni habari nyingine. Wengi huamini kwamba seli za huko hazijui kukua tena. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal waliwapandikizia panya kipande cha neva ya mguu kama daraja, na aksoni za uti wa mgongo zikakua ndani yake kwa sentimita kadhaa. Uwezo basi upo. Kinachozuia zaidi ni mazingira: kovu, na protini kama Nogo zilizomo kwenye mafuta yanayozifunika nyuzi. Lakini hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuurudishia uti uliokatika kazi yake, na anayekuuzia hiyo anakuibia. Hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo ipo hapa hapa Nairobi. Mpeleke mgonjwa wako huko.

Mwezi wa nane baada ya kushonwa, nilimfumba fundi macho nikampa sarafu ya shilingi kumi, kisha ribiti. Ribiti aliitambua mara moja. Nilipomgusa kidole cha shahada, akasema ni cha kati. Baadhi ya nyuzi zilikuwa zimeingia njia ya jirani, na sasa ubongo wake unajifunza ramani mpya. Tunafanya zoezi hilo kila Jumanne: anaangalia ninapomgusa, anafumba macho, namgusa tena.