Ufuatiliaji wa hali ya maji katika bonde la mto ni nini?

Ni kazi ya kupima, siku hadi siku na kwa miaka mingi, maji ya eneo zima: yanayopita mtoni, yaliyo chini ya ardhi, na yale yanayofurika. Eneo hilo huitwa bonde, yaani ardhi yote ambayo mvua yake huelekea njia moja. Tanzania Bara ina mabonde tisa, na kila moja lina bodi yake ya maji. Tuchukue Bonde la Wami/Ruvu, linaloanzia nyanda kavu za Dodoma, likapita Morogoro hadi Bahari ya Hindi.

Mtoni husimikwa rula ndefu, na mkazi wa jirani huisoma asubuhi na jioni. Lakini kina peke yake hakituambii maji ni kiasi gani. Wataalamu hupima eneo la mkato wa mto, yaani upana wake mara kina chake cha wastani, na kasi ya maji, kisha huzidisha: mkato wa mita za mraba 20 na kasi ya nusu mita kwa sekunde ni mita za ujazo 10 kila sekunde. Wakipima hivyo maji yakiwa machache, ya wastani na mengi, hujua kwa kila kina mto hubeba maji kiasi gani, na kuanzia hapo kusoma rula kunatosha kukadiria. Adui ni mchanga. Mafuriko yakishausogeza, kina kilekile kinabeba maji tofauti, na lazima kupima upya. Ikikosekana fedha ya kurudia vipimo, rula inaendelea kusomwa na takwimu zinaendelea kuandikwa, ila si za kweli tena. Naona hilo ni hatari kuliko kutopima kabisa, kwa sababu watu watazipangia mipango.

Maji ya chini ya ardhi hupimwa katika visima vya uchunguzi, visivyovutwa maji. Hushushwa utepe wenye kipimo hadi uguse maji. Kwa vipimo vya aina hii, eneo la Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, lina hazina kubwa: visima vyake vimelinywesha jiji hilo kwa miongo mingi, na kumbukumbu za viwango vya maji zinaanzia miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo zimefichua jambo ambalo macho yasingeliona. Maji ya Makutupora hayajazwi kidogo kidogo kila msimu. Kiwango hushuka mwaka baada ya mwaka, halafu unakuja msimu wa mvua kubwa kupita kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98, kikapanda sana. Aliyepima miaka michache ya mshuko angesema maji yanakwisha. Aliyepima 1998 tu angesema hayaishi. Wote wawili wangekosea, na ndiyo maana urefu wa kumbukumbu una thamani kuliko ubora wa chombo.

Mvua zinazojaza ardhi ndizo pia zinazoleta maafa. Mto Kinyasungwe hutoka upande huohuo wa Dodoma na kuingia Mkondoa, unaopita Kilosa. Kati ya Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika: maelfu walipoteza makazi na reli ya kati ikaharibiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa kuhusu mvua inayotarajiwa, lakini utabiri hausemi maji ya mto yatapanda hadi wapi. Hilo hujulikana kwa kipimo cha upande wa juu wa mto kikisomwa na kutumwa upesi kwa walio upande wa chini, wakati maji yenyewe bado yako njiani. Taarifa ikikaa kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi, inafaa historia tu.

Upande wa ukame, kipimo kinaamua nani apate maji. Mwaka 2022 Mto Ruvu, tegemeo kuu la Dar es Salaam, ulipungua hadi jiji likawekewa mgawo, na visima virefu vya Kigamboni vikaanza kutumika kuongeza maji. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, anayechota mtoni kwa kilimo kikubwa cha umwagiliaji anahitaji kibali cha bodi ya bonde, na mto ukipungua bodi inaweza kumbana. Mkulima akidai aonyeshwe kwa nini pampu yake izimwe, jibu la haki ni vipimo vya mto wenyewe, vya mwaka huo na vya miaka iliyotangulia.