Tungamotaka ya nchi: hesabu inayosahau kutoa

Dhana: Ukijua tani za mavuno, umejua nishati ya tungamotaka (kuni, mabua na mabaki mengine ya mimea) iliyopo.

Hapo umejua kiwango cha kinadharia tu. Mahindi huacha takribani tani moja ya mabua kwa kila tani ya punje, basi nchi inayovuna tani milioni moja huandikiwa mabua tani milioni moja. Kazi yenyewe ndiyo inaanza, nayo ni ya kutoa. Sehemu ya mabua hubaki shambani kuzuia mmomonyoko na kurudisha rutuba, na penye mteremko hubaki mengi zaidi. Mengine huliwa na mifugo, mengine hupikiwa. Tuseme, kwa mfano tu, nusu ibaki kwenye udongo na robo iende kwa ng'ombe: zimesalia tani 250,000, tena zimetawanyika mashamba madogo madogo, na lori la kuzikusanya linakunywa dizeli. Ripoti isiyoonyesha makato haya sioni sababu ya kuiamini, hata ikiwa na ramani za kupendeza.

Dhana: Msitu mkubwa, kuni tele.

Kinachoweza kuvunwa bila kuumaliza msitu ni ukuaji wake wa mwaka, si miti yote iliyosimama. Humo toa hifadhi, kusikofikika, na kuni na mkaa ambavyo watu wanachukua tayari, mara nyingi bila kuandikwa popote. Mkaa hudanganya zaidi. Tanuri la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kilo 100 za kuni kavu, kwa hiyo gunia sokoni lina msitu mwingi nyuma yake.

Dhana: Tani ni tani.

Kuni kavu kabisa zina megajuli (kipimo cha nishati) 18 hivi kwa kilo. Nusu ya uzito ikiwa maji, hushuka hadi karibu 8. Uliza unyevu kwanza.

Dhana: Mabaki ya viwandani hayana mwenyewe.

Makapi ya miwa huchomwa na viwanda vya sukari vyenyewe kupata mvuke na umeme. Pumba za mpunga zina nafuu: ni kama moja ya tano ya uzito wa mpunga, na zimekwisha kusanyika kinuni.

Dhana: Kaboni ya tungamotaka ni sifuri.

Katika miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, sekta ya nishati haijumlishi kaboni inayotoka tungamotaka ikichomwa, kwa sababu imehesabiwa upande wa ardhi na misitu, mti ulipokatwa. Ni sifuri ya kihasibu. Bua lingeoza upesi hata lisipochomwa. Mti wa miaka 40 huhitaji miongo kurudisha kilichotoka.