Sherifu Mpya Akiapishwa, Nani Anabaki Kazini?

Kazi yangu ni sheria ya ajira katika utumishi wa umma, na hakuna ofisi inayoniumiza kichwa kama ofisi ya sherifu nchini Marekani. Katika majimbo mengi sherifu huchaguliwa kwa kura, mara nyingi kila baada ya miaka minne. Yeye ndiye mwenye jela ya kaunti, ndiye anayelinda mahakama na kupeleka hati za wito, na sehemu nyingi za vijijini ndiye polisi hasa. Askari wake hawaajiriwi na baraza la kaunti. Huteuliwa na kuapishwa chini ya mamlaka yake. Huko Virginia uteuzi huo hukoma muhula wake unapokwisha, na hata akishinda tena, inabidi awateue upya. Ambaye jina lake halikuitwa hawezi hata kusema amefukuzwa. Hakurudishwa, basi.

Sasa fikiria miezi ya kampeni ndani ya jengo kama hilo. Mwenzako wa zamu anaweza kuwa anamuunga mkono mpinzani wa bosi. Ukionekana naye kantini, umehesabiwa. Watu wananyamaza, na ofisi ya askari ambao hawaambiani ukweli ni ofisi ya hatari, hasa jelani, ambako uhai wako unategemea mwenzako akuitikie unapoita.

Januari 2005, katika Kaunti ya Clayton, kusini mwa Atlanta, sherifu mpya Victor Hill aliwatimua wafanyakazi 27 siku yake ya kwanza kazini. Walinyang'anywa beji na kusindikizwa nje huku walenga shabaha wakiwa juu ya paa la jengo. Jaji aliamuru warudishwe. Siku ile iliwafundisha nini waliobaki? Kwamba usalama wa mkate wako uko mikononi mwa mtu mmoja.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeligusa suala hili mwaka 1976. Katika Kaunti ya Cook, ambamo mna jiji la Chicago, sherifu Richard Elrod wa chama cha Democratic alichukua ofisi Desemba 1970 kutoka kwa sherifu wa Republican, na wafanyakazi wasio wa chama chake wakaanza kuondolewa. Mahakama ilisema kumfukuza mtumishi wa umma kwa sababu ya chama chake kunakiuka uhuru wake wa kikatiba, isipokuwa kama yuko kwenye nafasi ya kutunga sera. Mlango huo mdogo wa "isipokuwa" ndio uliozaa kesi zote zilizofuata. Je, askari wa kawaida anatunga sera? Mwaka 1997, katika kesi ya Kaunti ya Buncombe, North Carolina, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba sherifu anaweza kudai utiifu wa kisiasa kwa askari wake, kwa kuwa barabarani wao ndio sura yake na wanakamata watu kwa niaba yake.

Hoja hiyo naielewa. Aliyeahidi wapiga kura mabadiliko hawezi kufanya kazi na naibu mkuu anayemhujumu. Lakini mpishi wa jela, karani, au anayehesabu mahabusu usiku, sera gani anaitunga? Hapo sikubaliani kabisa na wanaotaka kila aliyevaa sare awe mtu wa bosi.

Mahakama hiyohiyo ya rufaa ilisogea upande wangu mwaka 2013. Huko Hampton, Virginia, sherifu B.J. Roberts alishinda tena mwaka 2009 na baadhi ya watu wake hakuwateua. Kati yao wapo waliolaiki ukurasa wa Facebook wa mpinzani wake, na mmoja aliyebandika stika ya mpinzani huyo kwenye gari lake. Majaji walisema laiki ni kauli inayolindwa na katiba, sawa na bango la mgombea uani kwako. Pia waliona kwamba hao walikuwa walinzi wa jela, na kazi yao haikuhitaji mapenzi ya kisiasa. Lakini fidia ya fedha ilizuiwa na kinga za kisheria za sherifu. Kilichobaki kudaiwa ni kurudishwa kazini tu, miaka karibu minne baada ya uchaguzi.

Kaunti kubwa zenye utaratibu wa utumishi wa umma, unaomkinga askari asiondolewe kiholela, zina afadhali. Los Angeles ilimng'oa sherifu wake mwaka 2018, kisha ikamng'oa aliyemfuata mwaka 2022, na askari wa ngazi za chini waliendelea na zamu zao.

Kwenye kaunti ndogo kinga hiyo mara nyingi haipo. Ndiyo maana askari anaponipigia simu baada ya uchaguzi, kabla hata hajaniambia alimuunga mkono nani, namwomba anieleze siku yake ya kazi tangu anaposaini kuingia hadi anapotoka: anakamata watu au anafungua milango ya jela, anaamua au anatekeleza. Kesi yake itasimama au kuanguka hapo, na maelezo hayo ni vizuri yaandikwe akiwa bado kazini.